Umefikia kwa Nani?

Niliulizwa mara ya kwanza ndani ya gari moshi, kabla sijaiona Kigoma kwa macho. Tulikuwa tumetoka Tabora usiku. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaipita Nguruka, na dirishani yalionekana majani marefu yaliyokauka na madimbwi ya bonde la Malagarasi. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa na ndoo ya asali kutoka Tabora, kaifunga kwa kanga na kuibana kwa miguu yote miwili isimwagike. Usiku tulikuwa tumesalimiana, tukagawana karanga, tukalala. Asubuhi akanawa uso kwa maji ya chupa, akajifuta, akaniuliza:

"Mwanangu, Kigoma unafikia kwa nani?"

Nikamwambia sifikii kwa mtu, nitatafuta gesti.

"Huna ndugu huko?"

"Sina."

"Umetumwa na kazi?"

"La, mama. Natembea tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniomba simu yangu, akaiandika namba yake mwenyewe na kuihifadhi kwa jina la "Mama wa Treni" ili nisije nikasahau ni ya nani. Nikamshukuru kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimevuka mpaka na kuikata nchi ya watu kutoka pwani hadi karibu na ziwa ili niwe peke yangu, na hata sijashuka tayari kuna mtu ananitafutia mwenyeji.

Mimi ni mtu wa Mombasa, wa Mji wa Kale. Hadi Mei 2024 nilikuwa karani kwenye ofisi ya kuondosha mizigo bandarini. Kazi yangu kwa miaka minne ilikuwa kuingiza namba za makontena kwenye kompyuta. Nyumbani tuko watu kumi na mmoja, na haipiti saa bila mtu kupiga hodi. Mkataba ulipokwisha nikawa na akiba ya kukidhi miezi mitatu ya maisha ya kawaida, na nikawa na hamu moja: kuamka katika mji ambao hakuna anayejua mimi ni binti wa nani. Nikachagua Kigoma kwa kuwa ni mwisho wa reli; wenyewe ndivyo wanavyouita mji wao. Na kulikuwa na maneno ya nyanya. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akitwambia kwamba babu wa mama yake aliondoka na msafara kwenda Ujiji, hakurudi, wala haikuja barua.

Nilivuka Horohoro mwanzoni mwa Juni nikiwa na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Basi hadi Dar es Salaam, basi tena hadi Tabora, kisha treni. Sitaieleza sana safari ya basi. Ilikuwa ndefu na miguu ilivimba.

Ila Tabora nilikaa siku mbili, nikaenda Kwihara kuiona nyumba ya tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872. Nilikwenda kwa kuwa ni kitu cha kuonwa, basi. Lakini niliposimama kwenye baraza ile nikakumbuka kilichomweka pale miezi yote hiyo: alikuwa akisubiri wapagazi watoke pwani, na bila wao hakuweza kupiga hatua. Njia hiyo ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ambayo mimi niliifuata na begi moja mgongoni, haikuwa njia ya mtu kwenda peke yake. Watu walikwenda kwa mamia, Wanyamwezi wakibeba mizigo, ngoma mbele. Niliona fahari kwamba mimi naweza. Naiandika fahari hiyo hapa kwa sababu ilinigharimu baadaye.

Kigoma ikanipokea vizuri. Unashuka kwenye stesheni ya Wajerumani, reli ilifika pale mwaka 1914 baada ya kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam, na ukitoka nje barabara inapanda mlima ikipita chini ya miembe. Ukigeuka nyuma, ziwa lote limekaa pale. Mimi nimezaliwa baharini na nilidhani maji hayawezi kunishangaza. Lakini bahari ina kupwa na kujaa, ina harufu, inakupigia kelele. Ziwa Tanganyika lilikuwa kimya, safi hata kwenye kina cha mita kadhaa unaona mawe, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana asubuhi na kupotea mchana ndani ya ukungu wa kiangazi. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Nilikaa juu ya jiwe siku ya kwanza nikiifikiria namba hiyo mpaka jua likazama.

Nilichukua chumba cha gesti, kitanda, chandarua, feni na kufuli. Wiki ile ya kwanza niliipenda. Naamka nitakapo, nakula nitakapo. Nikazunguka soko la Mwanga, nikashuka bandarini kuitazama meli ya Liemba, ambayo majira yale haikuwa ikisafiri. Kwa mtu wa bandari, meli ile ina habari ya kustaajabisha: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaungwa upya papo hapo Kigoma na kuingizwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Niliwaza makarani walioyahesabu makasha yale. Kasha moja likipotea njiani, meli haiundiki.

Lakini swali la yule mama halikuniacha. Nilikwenda kusajili laini ya simu, kijana alipomaliza na pasipoti yangu akaniuliza, "Dada, umefikia kwa nani?" Mama ntilie aliyenipikia wali akaniuliza hivyohivyo, na muuza vitenge, na mzee aliyeketi nje ya duka la dawa. Nilikuwa najibu, "Niko gesti," na kila mara naona uso wa mtu ukibadilika kidogo, kama vile nimesema nimefiwa. Wengine walisema wazi: "Pole."

Kiswahili ndicho kilichonipumbaza. Nilijiambia kwamba siko ugenini, kwa sababu naelewa kila neno. Na kweli nilielewa maneno. Nisichoelewa ni namna ya kuyatumia. Kwa mfano, kwetu naingia mkahawani nasema "nipe chai", na hakuna anayeona vibaya. Kigoma wiki nzima nilisema "nipe chai" na nikaletewa chai kwa uso uliofungwa, hadi msichana mmoja aliponisikia, akaniambia taratibu, kama anayemfunga mtoto kamba ya kiatu, "Dada, sema naomba." Tangu siku hiyo chai ikaja na habari za asubuhi. Na salamu haikatwi. Ukimkuta mtu mzima unaanza na shikamoo, unangoja marahaba, unauliza habari za nyumbani, ndipo useme haja yako. Kwenye foleni, dukani, hata kwa dereva wa bodaboda mwenye mvi. Ukiwa na haraka, toka mapema. Asubuhi wanawake wa Kiha sokoni walisalimiana "mwakeye", nami nikajifunza hilo moja, na kwa neno hilo moja niliongezewa nyanya na vitunguu kuliko kwa maneno yangu yote ya Mombasa.

Idi el-Hajj ikaangukia katikati ya Juni. Hii ndiyo sehemu ninayoona uzito kuisimulia.

Niliswali na wanawake wa mtaa. Baada ya swala, watu wakapeana mikono, watoto wakaanza kupita na nguo mpya. Mwanamke aliyekuwa ubavuni kwangu, wa umri wa mama yangu, akanishika mkono na kuniuliza: "Mgeni, umefikia kwa nani?"

Nikamwambia, "Kwa ndugu."

Nilidanganya, siku ya Idi, nikiwa bado na udhu. Nilidanganya kwa sababu nilijua nikisema gesti atanichukua kwake, na sikutaka kuwa mtu wa kuchukuliwa. Akanibusu, akasema, "Haya, wasalimie," akaondoka na watoto wake. Nikarudi chumbani. Mapokezi palikuwa kimya, mhudumu amekwenda kwao kula Idi. Nikakaa kitandani na pakiti ya biskuti, na kupitia dirishani ikaingia harufu ya pilau kutoka nyumba tatu tofauti. Nyumbani wakanipigia simu ya video, wote kumi kwenye kioo kimoja, nyanya akauliza nimekula kwa nani. Nikadanganya tena.

Siku chache baadaye, tarehe 25 Juni, waandamanaji waliingia bungeni Nairobi, na mimi nikaiona habari hiyo kwenye televisheni ya mgahawa wa watu nisiowajua. Watu wawili watatu wakageuka na kunipa pole, nami nikajibu "asante" na kwenda kulala bila kumpata mtu wa kuzungumza naye.

Mwanzoni mwa Julai nikaamua kwenda na boti upande wa kaskazini, nitazame pwani ya Gombe kutoka majini na kurudi. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, nje kidogo ya mji. Nilifika asubuhi, nikangoja, na ikaondoka adhuhuri imejaa: magunia ya unga, mabati, magodoro, kuku, mama mmoja mwenye madumu matupu ya mawese aliyenisogezea nafasi kwenye ubao. Ufukwe wa Kibirizi siku zile ulikuwa na huzuni. Ziwa lilikuwa limefungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule serikali ilisitisha uvuvi ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani mamia kwa mamia, na vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu.

Tulisafiri tukiambaa na ufuko. Baada ya kijiji cha mwisho misitu ikaanza kushuka kutoka milimani hadi majini, na yule mama akaninyooshea kidole: "Pale ndipo kwa yule mzungu wa sokwe." Nikamwambia namfahamu, Jane Goodall, alikuja 1960.

"Alikuja na mama yake," akasema.

Nilikuwa nimewahi kulisoma hilo, nikalisahau. Alikuwa msichana wa miaka 26, na wakuu wa serikali ya Kiingereza hawakukubali akae msituni peke yake, ndipo mama yake akafunga mizigo na kumfuata. Tena walipofika Kigoma walikwama, kwa sababu mji ulikuwa umejaa Wabelgiji wanaokimbia Kongo, na mama na binti wakasaidia kuwaandalia chakula wakimbizi kabla hawajaenda kwenye sokwe wao. Miaka yote nilikuwa na picha ya mwanamke mmoja na msitu. Kumbe pembeni ya picha kulikuwa na mama mtu mzima, aliyekaa kambini miezi akigawa dawa kwa wavuvi.

Nikamuuliza yule mama boti inarudi saa ngapi.

"Alfajiri."

"Ya leo?"

Akanitazama. "Alfajiri ya kesho, mwanangu. Hii inalala huko."

Hili ni kosa ambalo mtu yeyote anayesafiri peke yake ajikinge nalo: sikuuliza habari ya kurudi kabla ya kupanda. Nilidhani kwa kuwa kuna kwenda, kuna kurudi. Simu ilikuwa na mtandao wa kuja na kutoka, begani nina mkoba mdogo, maji, leso moja na shilingi za kutosha, lakini gesti haipo.

Tukashuka Mwamgongo jua likielekea milima ya Kongo. Ni kijiji kikubwa, kimebanwa kati ya mlima na maji, si mbali na mpaka wa Burundi, na mahali kama pale mgeni haingii kimya kimya. Hatujafika nyumba ya kwanza, mzee mmoja na vijana wawili wakatusimamisha. Mzee hakuniuliza mimi. Aliuliza hewani, kama anayeuliza mzigo ni wa nani:

"Huyu mgeni amefikia kwa nani?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno. Gesti hakuna. Ndugu hakuna. Nilisikia moyo ukinidunda masikioni.

"Amefikia kwangu," akasema mama wa madumu.

Hakunijua jina. Nilikuwa nimekaa naye ubao mmoja saa kadhaa, basi. Mzee akasema, "Haya, karibu mgeni," akaandika jina langu na namba ya pasipoti kwenye daftari, na pembeni yake akaandika jina la yule mama. Hilo la pembeni ndilo lililonifungua macho. Kama ningefanya ubaya, angeulizwa yeye. Kama ningepotea, angenitafuta yeye. Mwezi mzima nilikuwa nalisikia swali lile kama udadisi wa watu wasio na kazi, na kumbe walikuwa wanauliza kitu kizito sana: usipoonekana kesho, nani atasema hujaonekana?

Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyopikwa kwa mawese. Baba wa nyumba aliona haya kwamba hakuna samaki. "Umekuja ziwa limefungwa," alisema mara mbili, kama kosa ni lake. Baadaye tukakaa nje. Hakukuwa na mwezi. Mbele yetu palikuwa na giza tupu, maji unayasikia tu yakilamba mchanga, na yule baba akanionyesha giza hilo kwa mkono.

"Usiku kama huu ndio wetu. Lingekuwa wazi hapa, ungeona mji. Taa mpaka kule."

Akanieleza kazi yao. Dagaa hufuata mwanga. Kwa hiyo wavuvi huenda usiku na taa, zamani karabai, sasa wengi za betri na sola, wanasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga ndipo wavu unyanyuliwe. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, mwanga umetapakaa kila mahali na dagaa hawaioni taa yako, kwa hiyo siku za mwezi mpevu watu hupumzika na kushona nyavu. Akahesabu kwa vidole. "Tarehe 15 Agosti watafungua, lakini mwezi utakuwa unajaa. Tutaingia kwa hamu tu. Kazi yenyewe itakuwa mwishoni mwa mwezi, giza likirudi."

Nikalala mkekani na binti zake wawili. Kulipopambazuka nikataka kumpa mama pesa, akarudisha mkono wangu mfukoni kwangu. Nikamwambia basi nimwachie leso yangu. Hakuelewa, kule leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Nilipoitoa akacheka kwa furaha, "Aa, kanga!" akaifunga kiunoni hapo hapo. Ilikuwa imenunuliwa na mama yangu.

Boti ilipofika Kibirizi nilikaa kwenye mtumbwi mmoja uliopandishwa, nikatafuta namba ya Mama wa Treni. Mwezi ulikuwa umepita. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Nilikuwa nangoja. Uko gesti gani?"

Jioni ile nikahamia kwake Mwanga, chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yake aliyeolewa. Nikataka tuelewane kodi. Alisema tutazungumza, na hatukuzungumza. Siku ya tatu asubuhi akaweka mbele yangu ungo wa mchele wa kuchagua, akasema huku anatabasamu, "Mgeni siku mbili." Hakuimaliza, na hakuhitaji kuimaliza. Jembe langu likawa jikoni. Nilimwambia najua kupika mahamri, na yakanipa shida, kwani kwetu unga hukandwa kwa tui na Kigoma nazi si kitu cha kuokota. Nikajaribu maziwa, nikaongeza iliki, mara ya tatu yakavimba vizuri. Tangu hapo kila alfajiri tulikuwa tunakaanga, nusu tunakula, nusu mjukuu anapeleka kuuza kibarazani. Mkaa na unga nilinunua mimi. Hesabu hiyo ilinitosheleza kuliko kodi, na nadhani ilimtosheleza na yeye.

Niseme ukweli: si kila siku nilikuwa na raha. Nilitakiwa kusema ninakokwenda na saa ya kurudi, jambo lililonikimbiza Mombasa. Siku moja nilichelewa Bangwe hadi giza likaingia, simu imezima, na nilipofika nikamkuta amesimama barabarani na tochi. Hakugomba. Alisema tu, "Umenitia hofu," akaingia ndani, na chakula changu kilikuwa kimefunikwa. Nilijifunza kuchaji simu, na nilijifunza kuaga. Upweke wangu mzuri, ule nilioufuata, haukupotea. Ulibaki kwenye jiwe langu la ufukweni asubuhi, kwenye matembezi ya Katonga, kwenye saa nilizokaa na daftari. Naamini niliufaidi zaidi kwa kuwa kulikuwa na mlango unaonisubiri. Mtu anayesema mwanamke hawezi kusafiri peke yake amekosea, na ningemwambia hivyo hata nyanya. Lakini ile fahari ya Kwihara, ya kutomhitaji mtu, hiyo niliivua.

Julai ilipokaribia kwisha nikaenda Ujiji kwa ajili ya yule babu. Ni mwendo mfupi kutoka Kigoma. Kuna makumbusho mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyotokana na mwembe wa siku ile. Watu wote wanakumbuka wazungu wawili. Mimi nilimfikiria Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetoka mbio kumlaki mgeni kabla bwana wake hajainuka.

Kutoka pale nikaelekezwa kwa mzee mmoja, mtu wa ukoo wa Kimanyema, anayejua habari za nyumba za zamani. Nilimkuta barazani na tasbihi. Nikamsalimu, tukaulizana hali, nikala tende alizonipa, ndipo nikaeleza: babu wa mama wa nyanya yangu, kutoka Mombasa, alikuja na msafara, jina lake fulani bin fulani. Mzee akafumba macho. Majina kama hayo, alisema, yalikuwa mengi.

Kisha akauliza: "Alifikia kwa nani?"

Sikujua. Nyanya hajui. Hakuna anayejua.

"Watu wa pwani walijulikana hapa kwa nyumba walizofikia," alisema kwa upole. "Fulani wa kwa fulani. Ungeniambia nyumba, ningekupeleka hata kaburini. Bila nyumba hatuna pa kuanzia."

Nilitoka pale nikatembea hadi ufukweni, nikalia. Nilikuwa namlilia mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, ambaye huenda alilala vizuri, akaoa, akazaa, akapendwa katika nyumba mojawapo kati ya zile nilizopita, na kwetu amebaki kuwa "hakurudi" kwa sababu hakuna aliyetuma kusema yuko kwa nani. Jioni nilimpigia mama yangu simu. Nikampa jina kamili la mwenyeji wangu, mtaa, na namba yake. Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe nusu saa, mimi nimeshika simu tu.

Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti na mwezi ulikuwa unajaa, kama alivyohesabu yule baba. Wenye hamu wakaingia, sokoni dagaa wabichi wakaonekana wachache kwa bei ya juu. Tukangoja. Usiku wa tarehe 27 Mama wa Treni alinigongea mlango, akanichukua na mjukuu wake hadi mahali pa juu ambapo ziwa linaonekana lote. Mwezi ulikuwa haujachomoza. Kule chini, kutoka Kibirizi hadi mbali kusini, taa zilikuwa zimesambaa juu ya maji, mia, pengine mia tatu, zingine zimejikusanya kama mtaa na zingine ziko peke yake huko mbali kabisa. Nilizitafuta hizo za peke yake. Kila moja ilikuwa ni watu wanne watano kwenye mitumbwi iliyofungwa pamoja. Mjukuu akaniuliza kama Mombasa tuna hivi. Nikamwambia hatuna.

Nilirudi na kilo mbili za dagaa wakavu na ndoo ndogo ya asali niliyoichukua Tabora. Nyanya alikuwa kitandani kwake, mguu umemsumbua. Nilitaka kumweleza kwanza habari ya Ujiji na kumwomba radhi kwamba sikumpata babu. Akanizuia kwa mkono.

"Kwanza niambie. Ulifikia kwa nani?"

Nikamwambia. Nikaanza na mama wa Mwamgongo, usiku mmoja, kisha Mwanga, miezi karibu miwili. Hapa siyataji majina yao kwa kuwa sikuwaomba ruhusa, ila yeye nilimtajia yote, na jina la mume, na la mjukuu. Akaniambia nilete daftari lile la nyumbani, ambalo ndani yake huandikwa waliozaliwa na waliokufa, nifungue ukurasa mpya. Nikaandika majina, mtaa, Kigoma, na 2024. Akanitaka nimsomee kwa sauti, kisha akaniambia nisome tena, polepole.